Siku nne za kukimbia chini ya mizeituni ya Corfu: uzoefu wangu

Nianze na jambo ambalo ningependa mtu aniambie kabla sijakata tiketi: kwenye Corfu Trail, njia ndefu ya miguu ya kisiwa cha Corfu, usihesabu kilomita, hesabu saa. Kilomita 20 za msituni mimi huzimaliza kwa saa mbili na robo hivi bila kujiumiza. Siku yetu ya kwanza kule, kilomita 21 zilituchukua saa nne na dakika kumi, na tulikuwa wazima, hatukupotea, hatukukaa popote kula. Njia yenyewe ndiyo inayokupangia mwendo.

Corfu ni kisiwa cha Ugiriki, upande wa magharibi, kinatazamana na Albania. Njia hii ilifunguliwa mwaka 2001. Inaanzia Kavos, kusini kabisa, inapita vijijini, mashambani na milimani hadi ufuo wa Agios Spyridon kaskazini, zaidi ya kilomita 150. Mimi na binamu yangu tulichukua nusu ya kaskazini tu, kuanzia kijiji cha Pelekas, mwishoni mwa Oktoba. Tulilipia kampuni inayokupangia vyumba, inayohamisha begi lako kutoka nyumba ya wageni moja hadi nyingine, na inayokutumia faili la njia la kuweka kwenye saa au simu. Ilikuwa yuro 430 kwa kila mtu, usiku nne pamoja na kifungua kinywa. Jina silitaji, ila nitasema walichofanya vizuri na walipotuangusha.

Kwanza miti, maana ndiyo iliyonipeleka.

Nimekulia Lushoto, kwenye ukungu na miti ya sipresi ya Shume. Mzeituni nilikuwa naujua kwa kuusoma tu. "Wattini wazzaytun", yaani "naapa kwa tini na zeituni", nimeikariri madrasa nikiwa na miaka sita, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuona zeituni mtini. Asubuhi ya kwanza, nje kidogo ya Pelekas, tukakuta mti wa tini umeegemea ukuta wa mawe na nyuma yake mizeituni inateremka bondeni mpaka macho yanaishia. Vyote viwili katika shamba moja. Nilisimama. Binamu yangu alidhani nimeumia goti, akarudi mbio kuniangalia, nami sikuweza kumjibu mara moja.

Kama unawazia vichaka vifupi vya kijivu kwenye jua kali, sahau. Waveneti, watu wa Venice ya Italia, waliotawala kisiwa hiki kuanzia 1386 hadi 1797 walihitaji mafuta, wakawa wanawalipa wakulima kwa kila miti mia waliyopanda. Kisiwa kikajaa mizeituni, leo ni mamilioni. Aina yao inaitwa lianolia, ina punje ndogo, na wenyeji hawakuwa na desturi ya kuikata matawi ili ibaki mifupi kama wanavyofanya kwingine. Kwa hiyo imepanda juu kama miti ya msitu, mingine inapita mita 15. Mashina yamejisokota na kutoboka, mengine yana uwazi ambao mtoto angejificha ndani. Ukikimbia chini yake upo kivulini saa nzima, ardhi ina unyevu, kuna majani ya gugu na maua madogo ya zambarau yanayochipua Oktoba baada ya mvua za mwanzo. Upepo ukipita, majani yanageuka upande wa fedha, na kivuli chote kinabadilika rangi kwa sekunde chache.

Sasa, kwa nini unakimbia polepole? Sababu ya kwanza ni mawe. Vijiji vya huko viliunganishwa na njia za punda zilizotandazwa mawe, na karne za kwato na mvua zimeyafanya laini kama sabuni. Kutoka Paleokastritsa kupanda hadi Lakones kuna njia kama hiyo inayopinda ndani ya mizeituni. Kupanda ni raha, kwa sababu kila kona inakuonyesha bahari iliyo chini zaidi kuliko ya kona iliyopita. Kuiteremka ikiwa imelowa sikushauri hata kidogo. Binamu yangu alikuja na viatu vya barabarani vyenye soli bapa, akaanguka mara mbili siku ya pili, mara ya pili kwa kiwiko. Vaa viatu vya mbio za milimani vyenye soli ya meno na mpira laini unaoshika jiwe la maji. Hilo halina mjadala.

Sababu ya pili ni nyavu. Lianolia huachwa ianguke yenyewe, ndiyo maana chini ya miti hutandazwa nyavu nyeusi kuanzia vuli hadi baada ya baridi. Kiangazi utazikuta zimeviringishwa na kuning'inizwa kwenye matawi. Mwisho wa Oktoba mashamba mengine yalikuwa tayari yametandazwa, na njia inapita kati, mara nyingine pembeni kabisa ya wavu. Ukiukanyaga unateleza, na unaponda kazi ya mtu. Karibu na Liapades tulimkuta bibi mmoja akishona wavu uliochanika, amekaa juu ya gunia. Tukaacha kukimbia, tukamwamkia kwa Kigiriki chetu cha "kalimera". Akatuonyesha kwa mkono tuzunguke wapi, kisha akatupa komamanga mbili. Tulizunguka tukitembea. Hakuna saa ya mkononi inayostahili kukuharakisha mahali kama pale.

Siku ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Unaiacha mizeituni unaingia vilima vya misitu, mialoni ya miiba na vile vichaka ambavyo matunda yake mekundu na maua yake meupe hutoka kwa wakati mmoja, halafu unarudi tena kwenye mizeituni, mara tano au sita kwa siku. Tulifika Sokraki saa saba mchana, njaa tupu. Pale uwanjani wanauza tsitsibira. Waingereza waliokuwa wakisimamia visiwa vile kuanzia 1815 hadi 1864 ndio waliowaachia: kinywaji cha tangawizi na limau, baridi, chenye povu kidogo. Nilipokionja nikacheka kwa furaha, ni ndugu kabisa wa ile soda ya tangawizi tuliyokua nayo, ila ukali wake ni wa tangawizi mbichi, unashuka kooni taratibu. Nilikunywa chupa tatu.

Pale Sokraki ndipo pia tulipotulia baada ya kuudhika, maana asubuhi faili la njia lilikuwa limetupeleka kwenye shamba lililozungushiwa waya. Lilikuwa faili la zamani. Alama za njano zenye herufi CT, zilizopigiliwa kwenye miti na nguzo, zilikuwa zinaelekeza kushoto, nasi tukaiamini saa. Dakika 40 zilipotea, na miguu ikachanika kwa miiba. Tena karatasi ya maelezo ilisema kuna bomba la maji kwenye kijiji kilichotangulia, tukalikuta kavu. Kampuni inayokulipisha kwa maelezo ya njia inapaswa kuipita njia hiyo walau mara moja kabla ya kila msimu. Nilipopiga simu, kijana aliyepokea aliomba radhi vizuri na jioni ile ile akatuma faili jipya. Namshukuru, lakini mtu aliye peke yake kule juu bila maji angekuwa na siku mbaya sana. Kwa hiyo: beba lita moja na nusu, na saa ikibishana na alama ya njano, fuata alama.

Kwa upande wa mabegi na vyumba sina lalamiko lolote. Begi lilitutangulia kila siku, vyumba vilikuwa safi, na wenye nyumba waliamka mapema kutupikia mayai kabla ya saa moja.

Siku ya mwisho ni mlima Pantokrator, mita 906, tukitokea Spartilas. Mizeituni inakuacha mapema, misitu nayo inafuata, mwishoni unabaki na mawe meupe na vichaka vya kufika gotini. Kileleni kuna monasteri, na ndani ya ua wake mnara mkubwa wa mawasiliano, na barabara ya lami inayoleta magari. Usitarajie upweke. Lakini milima ya Albania ilikuwa wazi mbele yetu ng'ambo ya mlango wa bahari, na tulikaa nusu saa kwenye baridi bila kutaka kuondoka. Mteremko wa kwenda Perithia ya Kale unaumiza mapaja. Ni kijiji cha mawe ambacho wenyeji walikihama, wengi wakashukia pwani, na sasa nyumba kadhaa zinafufuliwa. Tulipita tukitembea, tukisikia kengele za mbuzi tu.

Mambo machache kwa anayepanga. Mbwa wa wachungaji hubweka sana. Simama, ongea nao kwa sauti ya chini, mwenyewe atatokea. Jumapili wawindaji huwa msituni, vaa rangi kali. Saa zikisharudishwa nyuma mwisho wa Oktoba, jua linatua saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo anza mapema na uwe na taa ya kichwani. Migahawa mingi ya pwani hufungwa msimu ukiisha, beba chakula. Usiende Julai au Agosti kukimbia, joto litakufanya uuchukie mlima usio na kosa.

Njia naipa nyota tano. Kampuni tatu, na zitakuwa nne siku nitakayosikia wametengeneza mafaili yao. Binamu yangu ameshanunua viatu vya meno. Mwezi wa nne, Mungu akipenda, tunaanzia Kavos tumalizie nusu ya kusini, wakati nyavu bado zimetandazwa na wenye mashamba wanaokota punje za mwisho.