Uzoefu wangu: Tumelipia mti wa ukoo, wakatuandika Waha

Nina hasira, siwafichi. Nilitaka ipoe kwanza ndiyo niandike, lakini miezi imepita na haijapoa, basi acha niandike nayo hivyohivyo.

Kuna watu wa Dar wanaotengeneza mti wa ukoo. Jina lao silitaji. Unawalipa, wanamtuma mtu kuwahoji wazee wenu, wanakusanya vyeti na picha za zamani, wanaunganisha na majibu ya DNA kama mnayo, mwishowe mnaletewa chati kubwa ya kutundika ukutani. Tulichanga ukoo mzima: wa Ujiji hapa Kigoma, wa Mwanga, wa Tabora, hadi mdogo wangu aliyeko Marekani. Yeye ndiye aliyepima, maana hapa kwetu vinasaba, yaani hiyo DNA, vina sheria yake ya mwaka 2009, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na huwezi kwenda tu kupimwa kwa sababu umetamani kujua asili yako. Ombi lazima lipitie kwa wakili, ustawi wa jamii, mahakama, watu kama hao. Kule yeye alitema mate kwenye kichupa, akakitia posta, kwisha.

Yote haya ni kwa ajili ya bibi mdogo, mdogo wake bibi mzaa mama. Ana miaka tisini na kitu, na ndiye pekee aliyebaki kati ya waliomwona kwa macho bibi yao mzaa mama aliyetoka Ubwari, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, enzi za misafara. Alivushwa ziwa akiwa msichana mdogo. Alivushwa, hakuvuka. Tofauti ya maneno hayo mawili nyumbani kwetu haikuwahi kuzungumzwa mbele ya watoto. Utumwa ulifutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922, lakini aibu haikufutwa na sheria, na wazee wetu wakiulizwa kwao ni wapi walijibu "sisi watu wa Ujiji" wakabadilisha mazungumzo.

Sasa huyo binti waliyemtuma, Mungu ampe kheri. Alikuja na shikamoo yake ya kuinama, akakaa mkekani, akavuta ungo akachambua mchele pamoja na bibi. Simu ya kurekodi aliiweka pembeni baada ya kuomba ruhusa. Mchana wa kwanza hakuuliza cha maana. Wa pili ndipo akaanza, na hakuuliza "mwaka gani" hata mara moja. Aliuliza, mama yako alikuwa ameshazaliwa treni ilipofika Kigoma? Maana treni ilifika 1914, hiyo inajulikana, ukipata jibu umepata pa kushika. Aliuliza, bibi yako alipofariki, wewe ulikuwa umeshaanza kufunga? Na bibi mdogo, ambaye kwa miaka yote mimi nikimuuliza hunijibu "mambo ya zamani hayo, mwanangu", akafunguka. Akasema bibi yake alikuwa akiteremka ziwani jioni za anga safi, milima ya Kongo inapoonekana, anakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, hasemi na mtu. Watoto walifundishwa wasimwite mpaka ainuke mwenyewe.

Ningeishia hapo ningewapa nyota zote.

Wiki kadhaa baadaye ikapigwa simu kutoka ofisini kwao. Kijana. Hakusalimia. "Mama, kwenye kabila naweka nini?" Nikamwambia, Wamanyema, jina tunaloitwa huku sisi wenye asili ya Kongo, na kama kuna nafasi andika Wabwari, yaani watu wa Ubwari. Akasema, "Manyema si kabila. Haipo kwenye mfumo. Nyie si wa Kigoma? Basi naweka Muha." Nikamwambia usiweke, acha wazi. Akasema haiwezi kuachwa wazi, inagoma kuendelea. Nikaanza kumweleza, akanikata: "Sawa mama, tutaangalia." Simu ikakatwa.

Chati ikaja kwa basi, imeviringishwa kwenye bomba la plastiki. Niliifuata stendi mwenyewe kwa bodaboda. Bibi mdogo alishavaa kanga mpya, watoto wameitwa, majirani wawili watatu wapo. Tukaitandaza mkekani, tukaigandamiza pembe na vikombe. Ni kazi nzuri kwa macho, lazima niseme, karatasi nzito, matawi yamechorwa kwa rangi. Bibi hasomi bila miwani, akamwambia kitukuu chake amsomee kuanzia juu. Mtoto akasoma jina la yule bibi wa Ubwari, akateremka mstari wa pili: "Kabila, Muha. Mahali pa kuzaliwa, Kigoma."

Bibi akamwambia asome tena. Akasoma tena. Bibi akaondoa kikombe kilichokuwa upande wake, pembe ya karatasi ikajikunja yenyewe, akasema, "Kwa hiyo hakuvushwa."

Waha ni jirani zetu na ndugu zetu, tumeoana nao, wifi yangu ni Muha wa Kasulu na ananipenda kuliko kaka yangu anavyonipenda. Hapa hakuna dharau ya mtu. Lakini yule msichana alichukuliwa kwao, akabakiwa na kitu kimoja tu, kujua alikotoka. Sisi tukalipa pesa, tukamnyang'anya na hicho.

Eti Manyema si kabila. Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema. Kongo kuna jimbo zima linaitwa Maniema, makao yake makuu Kindu. Na nikubali, maana sipendi kudanganya hata nikiwa na hasira: jina hilo ni mwavuli. Chini yake wamo Wabwari, Wagoma, Wakusu, Wazimba na wengine, waliokutana Ujiji na kuwa kitu kimoja. Kijana angesema hivyo tungeelewana, tungekaa tukatafuta neno. Yeye hakuwa anajadili historia, alikuwa anatafuta kitufe cha kubonyeza. Na hapa mkoani kwetu swali la kabila si la kujaza fomu tu. Sisi watu wa mpakani tukienda kuomba kitambulisho cha taifa tunaulizwa babu alizaliwa wapi, bibi alizaliwa wapi, na kila neno lililoandikwa mahali linaweza kukurudia.

Wala DNA haikusema Muha. Ilisema sehemu kubwa ni Kongo na majirani zake, basi. Yule binti alitutahadharisha mapema kwamba kampuni hulinganisha mate yako na sampuli za watu ilizonazo, na za huku kwenye ziwa letu ni chache, ndiyo maana asilimia hubadilika kila wakisasisha na damu yako ni ileile. Akatueleza pia kuwa kuna vinasaba ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake, havichanganyiki na vya baba. Mimi na mdogo wangu tumbo moja, kwa hiyo alivyonavyo yeye ninavyo mimi, na ndivyo alivyokuwa navyo yule msichana ndani ya mtumbwi. Lakini hata hivyo havina kabila lililoandikwa juu yake.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa nikitaka kuwahukumu. Binti huyohuyo, baada ya ugomvi wetu na ofisi, aliingia kwenye orodha ya watu wanaofanana vinasaba na mdogo wangu, orodha ambayo sisi hatukuwa hata tumeifungua, akamwona dada mmoja wa Marekani. Ndugu wa mbali, kama kizazi cha nne au cha tano. Wazazi wake ni wa Fizi, Kongo, na Ubwari iko huko Fizi. Walikimbia vita, wakaishi miaka na miaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kupelekwa Marekani. Nyarugusu! Hapo Kasulu! Wifi yangu anauza maharage masoko ya huko. Ndugu zetu walikuwa umbali wa safari moja ya basi, sisi tunatafuta chupa za mate.

Hilo hakuna chati iliyonipa. Nimelia siku mbili.

Nikawaambia ofisi wamwongeze na warekebishe kabila. Wakajibu kuchapa upya ni malipo mapya. Makosa yao, malipo yangu! Nilikuwa nimewapandisha nyota tatu, nawarudisha moja, na hiyo moja apewe binti mkononi. Ukiwaita, mwombe yeye kwa jina, na usikubali kuchapiwa chochote kabla hujaonyeshwa kila mstari kwenye simu.

Juzi bibi mdogo ameniambia niitoe chati chini ya kitanda. Akanionyesha kwa kidole pa kumwandika yule dada wa Nyarugusu, nikamwandika kwa kalamu ya wino. Muha nimeikata. Juu ya mkato sijaandika kitu, bibi amenizuia. Anasema mpaka aongee na huyo mjukuu wake kwa simu kwanza, amuulize wao kwao wanajiitaje.