Kliniki ya homoni za wanaume huku Dallas: nyota mbili, moja ni ya kahawa

Jina sitaji, sitaki kesi na watu, ila ni moja ya hizi kliniki za wanaume zilizojaa huku Texas, iko kati ya kinyozi na duka la sigara za umeme. Mi naendesha lori, shifti ya usiku mwaka wa nne huu, na nilikuwa nimechoka yaani narudi asubuhi mke wangu ananisemesha namkodolea macho tu, mambo ya chumbani ndo usiseme kabisa. Nikaona tangazo la kupima bure, nikaenda.

Kahawa tamu, viti vya ngozi, tivii ukuta mzima. Wakanitoa damu saa kumi jioni, nimelala masaa matatu na baga nimeila njiani. Kesho yake simu, testosteroni yako, yaani homoni ya kiume, ni 271, iko chini, njoo uanze sindano za kila wiki, dola 189 kwa mwezi na bima haihusiki. Imeisha hiyo! Hakuna aliyeuliza nalala vipi, na hakuna aliyeuliza kama bado nataka mtoto. Nilipouliza mwenyewe yule kijana wa kaunta akacheka, eti utakuwa simba.

Shemeji yangu ni nesi, nikamwambia, akang'aka kwenye simu: "Shemeji usithubutu, si mnatafuta mtoto wa pili nyie?" Kumbe ukijidunga ya nje ubongo unaona ipo ya kutosha, unaacha kuzituma korodani kazi, zinasinyaa na mbegu zinaweza kushuka mpaka sifuri, kurudi kwake ni miezi na wengine inapita mwaka. Hiyo ndo kitu ya kumficha mtu mwenye mke wa miaka 31?

Nikaenda kwa daktari wangu wa kawaida, ofisi mbovu, kahawa hakuna. Akasema homoni hii inapanda asubuhi inashuka jioni, inapimwa kabla ya saa nne asubuhi, siku mbili tofauti, na ukikosa usingizi nayo inashuka. Nikachukua ofu nilale usiku kama binadamu. Ikaja 418, halafu 396, na mstari wao wa chini ni 300. Akamgeukia mke wangu, anakoroma huyu? "Kama jenereta, na kuna saa ananyamaza naogopa." Nikapimwa usingizi, kumbe nakata pumzi usiku. Sasa nalala na mashine na kilo sita zimetoka.

Sisemi dawa ni uongo. Jamaa yangu wa Mwanza alitolewa uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile ya chini ya ubongo inayoziamuru korodani, mwili wake hautengenezi tena, sindano imemrudisha mtu, lakini yeye kila baada ya miezi kadhaa anapimwa damu isije ikawa nzito, chembe nyekundu zikipita asilimia 54 ya damu wanasimamisha, na tezi dume wanaiangalia. Mamlaka ya dawa Marekani (FDA) mwaka 2015 iliagiza lebo ziseme haijathibitishwa kwa mtu ambaye homoni imeshuka kwa sababu ya uzee peke yake. Na ule utafiti wa 2023 wa dawa hii kwa wanaume zaidi ya 5,000 ambao kliniki wameubandika ukutani, ni kweli mshtuko wa moyo haukuzidi, ila mapigo ya moyo kwenda kombo na damu kuganda mapafuni vilizidi, hiyo sehemu hawakuibandika.

Bado wananitumia mesej kila Ijumaa, mwezi wa kwanza nusu bei.