Nguo za Kazini Kutoka Makoroboi na Mlango Mmoja: Tathmini ya Rangi

Suruali ya nevi bluu iliyonunuliwa jioni kwenye soko la Makoroboi, Mwanza, inaweza kuamka ya zambarau ukiivaa ofisini kesho yake. Rangi haijabadilika, na muuzaji hakudanganya. Tatizo ni turubai. Jua likipenya turubai la bluu au mwavuli mwekundu, mwanga unaoangukia nguo huwa umeshapata rangi, na jicho lako huwa limeshauzoea kabla hujashika hata nguo ya kwanza. Ndiyo maana Makoroboi tunaipa alama tano kati ya tano kwa wingi wa rangi, na moja tu kwa mwanga. Mlango Mmoja, soko la mitumba la humo humo Mwanza, rangi ni za kubahatisha, lakini zina faida moja kubwa tutakayoieleza huko mbele.

Kipimo chetu ni kimoja. Mtu anayesimama kaunta, anayefundisha kidato cha pili, anayepokea wagonjwa au anayeketi mbele ya kamati ya usaili, je, rangi aliyovaa itamwacha aifikirie kazi yake mpaka saa kumi jioni? Rangi inayomfanya abane mikono ili kwapa lisionekane, au avutevute koti kwa sababu haliendani na suruali, imeshamnyang'anya kujiamini, hata kama inasifiwa na kila mtu.

Hizo sifa za rangi nazo zimekuwa mtaji wa biashara. Utaambiwa bluu huleta kuaminiwa, nyekundu huleta mamlaka, kijani hutuliza roho. Uchunguzi upo, ila haujafika huko. Mwaka 2005 Russell Hill na Robert Barton wa Uingereza walionyesha kwamba katika michezo ya kupigana ya Olimpiki ya Athens 2004, ambako mshindani hupangiwa nyekundu au bluu bila kuchagua, wenye nyekundu walishinda takribani asilimia 55 ya mapambano. Hizo ni ngumi na mieleka, si kikao cha bajeti. Mwaka 2012 Hajo Adam na Adam Galinsky waliripoti kwamba watu waliovaa koti jeupe walikuwa makini zaidi walipoambiwa ni la daktari kuliko walipoambiwa ni la mchoraji. Mwaka 2019 watafiti wengine walirudia jaribio mojawapo la kazi hiyo na hawakupata matokeo yale. Kwa hiyo mtu akikuuzia shati kwa bei ya juu kwa sababu eti bluu yake "inafungua milango", mpe bei ya shati.

Tunachokiamini zaidi ni maana ambayo watu wanaokuzunguka wameshaipa rangi, na Mwanza maana hizo zinajulikana. Nyekundu ya Jumatatu baada ya Simba na Yanga kukutana itakuletea utani ofisi nzima, na kijani na njano vivyo hivyo. Miezi ya kampeni kijani na njano hubeba maana nyingine tena, na mtumishi wa umma ni bora aziache kabatini. Nyeusi kuanzia juu mpaka chini huleta swali la "pole, kuna msiba?" kabla hujafika mezani, na kuanza siku kwa kupewa pole usiyoistahili kunashusha moyo. Nguo zenye mabaka ya kombati usiziguse kabisa hata zikiwa za bei ya kuokota: raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo.

Sasa rangi zenyewe. Nevi bluu tunaiweka ya kwanza bila kusita. Inaficha jasho, haionyeshi vumbi kama nyeusi, haina harufu ya msiba, na inakubali shati jeupe, la maziwa, la pinki au la bluu mpauko. Kasoro yake ni kwamba nevi mbili hazifanani. Koti la jora moja na suruali ya jora jingine zitaonekana ndugu chini ya taa ya duka na wageni chini ya jua, kwa sababu viwanda hufikia rangi moja kwa michanganyiko tofauti, na kila mchanganyiko hupokea mwanga kwa namna yake. Ukikosa koti na suruali vya jora moja, usilazimishe. Vaa koti la nevi na suruali ya kijivu iliyo wazi kabisa kuwa kijivu. Tofauti iliyo kubwa huonekana ni chaguo lako. Tofauti ndogo huonekana ni kosa.

Hata kupanga nguo kwenye kamba kuna namna ya kubadilisha rangi. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alilieleza jambo hilo katika kitabu cha mwaka 1839. Alikuwa msimamizi wa upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, na kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Akakuta weusi wenyewe hauna kasoro. Ulikuwa umewekwa kando ya bluu na zambarau, na majirani hao ndio waliouharibu. Makoroboi ni hivyo hivyo: shati la kijivu lililoning'inizwa kando ya la chungwa litaonekana lina ubluu ambao halina. Litoe pale, liweke juu ya karatasi nyeupe, kisha omba kutoka nalo hatua kadhaa hadi kwenye kivuli kilicho wazi juu, ambako hakuna turubai wala mwavuli. Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Adhuhuri jua la wima hupausha kila kitu, na jioni, jua likielekea ziwani, mwanga huwa wa manjano na nevi hugeuka nyeusi machoni. Ukitoka kwenye kivuli, ingia duka lolote lenye taa ya tyubu uitazame tena, maana ofisi nyingi ndiyo taa zao.

Ukitafuta suruali ya kuendana na koti ulilonalo, usibebe rangi kichwani. Mwambie fundi akate kipande kidogo ndani ya pindo la koti, kama sentimita 3, ukibane kwenye kadi na uende nacho sokoni.

Kijivu kina sifa ya utulivu na kinastahili, lakini kwa Mwanza tunakipunguzia alama. Kitambaa cha pamba kikilowa, maji hujaza nafasi kati ya nyuzi, mwanga hautawanyiki tena kama mwanzo, na sehemu ile huwa nyeusi zaidi. Kwenye kijivu cha kati, bluu mpauko na kaki, tofauti hiyo huonekana kuliko rangi nyingine zote. Mtu anayeshuka daladala mjini na kupanda kilima cha Bugando kwa miguu akiwa na shati la kijivu la pamba ataingia kazini akiwa na ramani mgongoni. Kipimo ni rahisi: dondosha tone la maji upande wa ndani wa pindo, subiri nusu dakika, rudi hatua mbili nyuma utazame. Doa likionekana kutoka hapo, wenzako wataliona kikaoni. Kijivu kiache kwa suruali na makoti; shati liwe jeupe, la maziwa, la nevi, au lenye mistari myembamba inayovunja doa.

Nyeupe huangaza uso, kwa kuwa kola hurudisha mwanga chini ya kidevu. Kwa picha ya kitambulisho au kikao cha video, hata hivyo, tunapendelea rangi ya maziwa au bluu mpauko. Kamera ikikuta nyeupe nyingi hupunguza mwanga wa picha nzima, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi, uso wake ukapotea.

Damu ya mzee ndiyo rangi ambayo wafanyakazi wengi wa Mwanza wanaionea. Kwenye tai, mtandio, blauzi au sweta inakaa vizuri na ngozi nyeusi, ina uchangamfu wa nyekundu bila kelele zake, na haikufungi na timu yoyote. Hudhurungi na rangi ya ugoro zinahitaji uangalifu: zikikaribia sana rangi ya ngozi yako, uso na nguo huwa kitu kimoja. Shika kitambaa shingoni mbele ya kioo, kwenye mwanga wa nje, utazame uso na si kitambaa. Ukiona chini ya macho pamekuwa pazito, si rangi yako ya juu. Inaweza kuwa nzuri kwa suruali. Kwa anayevaa mtandio kipimo hiki kina uzito zaidi, kwa sababu rangi inauzunguka uso wote. Wakati huo huo mtandio ndio njia ya gharama ndogo kabisa ya kurekebisha gauni ambalo rangi yake haikukupenda.

Nyeusi inasifiwa kupita kiasi. Inakusanya joto la jua, inaonyesha vumbi la kiangazi, jasho likikauka linaacha mistari myeupe ya chumvi, na ya pamba hupauka mabegani na kwenye magoti ikawa kama kahawia. Ukiitaka, chukua mchanganyiko wa poliesta na viskosi. Hushika weusi muda mrefu zaidi.

Kabla ya kulipa rangi yoyote nzito, fanya jaribio la leso. Chukua leso nyeupe ya pamba, izungushe kwenye kidole, sugua upande wa ndani wa pindo mara 10 ikiwa kavu, kisha mara 10 ikiwa na unyevu. Leso kavu ikitoka na rangi, rudisha nguo kwenye kamba: itapaka kola ya shati lako, mkoba wako na kiti cha mgeni. Ikitoa kidogo kwenye unyevu tu, inanunulika, ila ifuliwe peke yake mara tatu za mwanzo. Kuloweka kwenye chumvi na siki ili "kufunga rangi" hakusaidii nguo iliyokwisha kupakwa rangi kiwandani. Rangi isiyoshikamana hutolewa kwa kufua na kusuuza.

Hapa ndipo Mlango Mmoja inapoishinda Makoroboi. Nguo ya mtumba imeshafuliwa mara nyingi. Iliyokuwa na nia ya kuchuja imeshachuja, ya kupauka imeshapauka, na ya kurudi imeshakuwa fupi. Mashati ya pamba tupu na makoti ya sufu nyepesi hupatikana humo, na rangi unayoiona ndiyo utakayokaa nayo. Kagua sehemu tatu: inua kola utazame chini yake, fungua mfuko wa ndani, na linganisha bega na kwapa. Chini ya kola pakiwa na rangi iliyokolea kuliko mgongoni, koti limechomwa na jua na litaendelea kupauka. Usitegemee kupata suti kamili. Suruali nyingi zimeachana na makoti yao zamani.

Ukishona, nunua kwa jora moja. Kwa kitambaa chenye upana wa mita 1.5, suti ya mwanamume wa umbo la wastani hutaka kama mita 3.25, na tunashauri uongeze mita 1.25 kwa suruali ya pili, kwa sababu suruali hufuliwa zaidi na hutangulia kupauka. Shati la mikono mirefu ni kama mita 2, gauni la mikono linalofika chini ya goti kama mita 2.5. Kitenge kina upana mdogo zaidi, kwa hiyo mtajie fundi upana wake kabla hujakata. Kitambaa cha pamba kiloweke na ukianike kwanza, kisha kipigwe pasi, ndipo kipelekwe kwa fundi. Mwambie pia achague uzi na bitana mwangani, si chini ya balbu ya cherehani.

Kufua kunaamua rangi itaishi muda gani. Nguo nzito zigeuze ndani nje, zifue kwa maji ya baridi, zianike kivulini. Nyeupe ianikwe juani. Jiki kwenye shati la tetroni, yaani kitambaa chenye poliesta, huanza vizuri na kuishia na kola ya manjano, hasa penye jasho na dawa ya kwapa. Badala yake changanya haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, sehemu moja kwa mbili za maji, loweka kwapa na kola dakika 30, kisha fua kwa sabuni. Tiba hii ni ya nyeupe pekee.

Na ile poda ya kutia rangi upya: inakubali pamba, lakini rangi ya pamba haishiki poliesta. Suruali ya tetroni itatoka na mabaka, na hata ya pamba tupu itarudi na weusi mpya huku mishono ikibaki na rangi ya zamani, kwa sababu uzi wa fundi ni poliesta. Mishono hiyo huonekana kutoka upande wa pili wa kaunta. Suruali ya namna hiyo ihamishie kwenye kazi za Jumamosi.