Newell Highway kwa gari dogo: mchana safi, usiku sirudii

Aprili niliendesha kutoka Melbourne hadi Brisbane, Australia. Wengi hupita pwani. Mimi nilikata bara kwa Newell, inayoanzia Tocumwal kwenye mto Murray hadi Goondiwindi mpakani mwa Queensland, zaidi ya kilomita 1,000 katikati ya mashamba ya New South Wales.

Kushika kushoto hakukunipa shida, hata kwetu ni hivyo. Shida ni malori. Lori moja linavuta matela mawili, wewe uko spidi 110, na kuna njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Siku ya kwanza niliovateki kwa papara mpaka jasho likanitoka. Ya pili nikashika adabu: bango linakwambia sehemu ya kupishana iko kilomita kadhaa mbele, basi unangoja.

Lami ni nzuri, ila kuanzia Narrabri kwenda Moree gari linapanda na kushuka kama mtumbwi. Mimi mtu wa Shinyanga sikuhitaji kuelezwa: ni udongo wa mbuga ule ule, mweusi, unavimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Na pamba ipo! Nilikuta wanavuna kwa mashine, inatema mabunda ya mviringo yaliyofungwa plastiki ya njano, kila moja zaidi ya tani 2. Pembeni mwa barabara nyuzi nyeupe zimenasa kwenye nyasi. Nilisimama nikaokota kidogo, nikamtumia mama picha. Akauliza kilo wananunua bei gani.

Parkes usiipite. Chepuka uone darubini ya redio yenye sahani ya mita 64, iliyosaidia kupokea picha za watu walipotua mwezini mwaka 1969. Imezungukwa na mashamba tu. Dubbo wana twiga kwenye bustani ya wanyama. Hao niliwaacha, nimewaona bure nyumbani.

Kosa langu lilikuwa msitu wa Pilliga. Nilitoka Coonabarabran jua linazama, na hadi Narrabri ni kama kilomita 120 za miti na giza. Kangaruu wanasimama ukingoni, halafu wanaruka kwenye taa zako bila taarifa. Nilikwenda 70 mikono imekakamaa, malori yakinipita.

Kesho yake Moree nilijilaza kwenye bwawa la maji ya moto yanayotoka chini ya ardhi. Mgongo ulishukuru.

Nyota nne. Jaza mafuta mapema, na saa kumi na moja jioni uwe umeshapata chumba.