Mfano wa mbao wa nyumba ya Waisraeli wa kale: unafaa skuli, ila paa lirekebishwe

Mfano huu wa plaiwudi unatengenezwa na karakana moja ya Unguja mjini, kwa kipimo cha 1:30. Sentimita 40 kwa 30 zinasimama badala ya mita 12 kwa 9 za nyumba ya vyumba vinne, waliyoijenga Waisraeli tangu kiasi cha 1200 hadi 586 KK.

Nguzo zimetiwa vizuri mno. Safu mbili zinagawa sehemu ya mbele kuwa vyumba vitatu virefu, na cha nne kimekingama nyuma. Mwanafunzi wa Zanzibar atafahamu upesi: boriti za mikoko ndizo zinazofanya vyumba vya Mji Mkongwe viwe vyembamba, na kule nako urefu wa boriti ndio uliolazimisha nguzo. Baina ya nguzo zimewekwa hori, na sakafu ya pembeni imechorwa mawe. Hapo walilazwa mbuzi na kondoo.

Tatizo ni paa. Limegandishwa, halina ukingo wala ngazi. Mtoto anaona zizi, haoni watu walilala wapi, na wataalamu wengi wanaamini walilala juu. Torati yenyewe inaamuru paa lizungushiwe ukingo ili mtu asianguke. Bandua paa, ulishikize kwa vijiti vinne, kisha zungusha ukingo wa sentimita 3. Paa la kweli lilikuwa la boriti, matawi na udongo, na mvua ikinyesha lilishindiliwa tena kwa jiwe la mviringo, la sivyo hupasuka likavuja.

Masika plaiwudi hufura, nguzo zikakataa kuingia matunduni. Piga msasa matundu, kisha paka vanishi pande zote, hata kwenye kingo zilizokatwa, kabla ya kuunganisha.

Usinunue mmoja tu. Mwaka 1985 mwanaakiolojia Lawrence Stager alieleza kwamba nyumba mbili tatu zilikusanyika kwenye ua mmoja: baba, wanawe waliooa, na wajukuu. Nyumba pweke haionyeshi ukoo. Tunasikitika pia kwamba saizi ni moja tu. Kule Tell el-Far'ah, magofu ya mji wa kale karibu na Nablus, mwanaakiolojia Roland de Vaux alikuta nyumba za karne ya 10 KK zinakaribiana ukubwa, lakini za karne ya 8 zimeachana: kubwa nzuri upande mmoja, ndogo zilizobanana upande wa pili. Mwambie fundi akuchongee na ya sentimita 25 kwa 20, uziweke pamoja mezani.