Yoga kwa mwenye sukari na figo: niliyoyaona Mombasa

Nina sukari ya miaka mingi, na sasa ugonjwa wa figo umefika hatua ya tatu kati ya tano. Shemeji yangu ndiye aliyenishikilia mpaka nikajiunga na kituo kimoja cha yoga na tiba asili upande wa Nyali. Jina silitaji, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Yoga, heko kwao. Kabla hata sijakaa mkekani, mwalimu aliniuliza habari za macho. Nilipomwambia sukari imegusa mishipa ya jicho, aliniondolea mikao yote ya kuinamisha kichwa chini, kwa kuwa humzidishia mtu shinikizo machoni. Sisi wenye magoti mabovu tulifanyia kitini: kunyoosha mgongo, kuvuta pumzi polepole. Usingizi umerudi. Presha iliyokuwa ikigoma kwenye 150 sasa naiona 130 na kitu, ingawa chumvi nimepunguza na vidonge sijaacha, kwa hiyo sifa zote siwezi kuipa yoga. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja, haikushuka. Imekaa palepale, na kwa maradhi haya si haba.

Tiba asili ndiyo iliyonikunja uso. Wagonjwa wote wa sukari wanapewa karatasi moja: madafu asubuhi, juisi ya mbirimbi mchana, na kufunga siku moja kwa wiki. Madafu yana potasiamu nyingi. Figo zilizochoka hazimudu kuitoa, na ikizidi mwilini huvuruga mapigo ya moyo. Mbirimbi ina oksaleti, kemikali inayoweza kuganda ndani ya figo, na kule Kerala, India, madaktari wameandika habari za watu waliokunywa juisi yake nzito figo zikafeli ghafla. (Achari kidogo pembeni ya wali ni jambo jingine.) Na kufunga, mimi ninayejidunga insulini? Sukari ingeshuka nikaanguka.

Mtaalamu wa lishe wa kliniki yangu aliikata karatasi yote kwa kalamu. Nilipoirudisha kituoni nikajibiwa, "Lakini mama, ni vitu vya asili." Utupa, ule mmea wa sumu, nao ni wa asili, na wavuvi wa zamani wakilevyea samaki.

Yoga naendelea nayo. Ukienda, lipia darasa peke yake, ukatae kifurushi cha vinywaji, na utaje macho, dawa na vipimo vya figo hata usipoulizwa. Ukumbi uko ghorofani na lifti hakuna, kwa hiyo wenye magoti wapige simu kwanza waulizie darasa la chini.