Tathmini ya DMHRSi: saa zinahesabika vizuri, watu ndio wanaopotea

DMHRSi ni mfumo wa mtandaoni ambao hospitali na kliniki za jeshi la Marekani hutunzia kumbukumbu za watumishi na saa zao za kazi. Umejengwa juu ya Oracle, na aliyewahi kuhangaika na Oracle ya ofisini ataujua kwa sura tu: kurasa nyingi, vitufe vidogo, na hakuna kuingia bila kadi ya utambulisho yenye chipu. Ndani yake kuna ikama, utumishi, mafunzo, utayari wa vita na kadi ya saa. Hapa tunapima mambo mawili tu, kadi ya saa na rekodi ya mtumishi iliyo nyuma yake. La kwanza linafanya kazi yake. La pili linahitaji mtu wa kulichunga kila siku, na kituo kisicho na mtu huyo kitapata takwimu nzuri kwa macho na mbovu kwa matumizi.

Jambo la kuelewa mwanzoni ni kwamba mfumo huu haumlipi mtu. Mwanajeshi analipwa kwa cheo na miaka yake ya utumishi hata akishinda wodini saa 70 kwa wiki, na mtumishi wa kiraia ana mfumo mwingine wa malipo. Anayezitaka saa za DMHRSi ni MEPRS, utaratibu wa Wizara ya Ulinzi wa kufuatilia gharama na utendaji wa tiba. Kila mwezi saa hizo huhamishiwa EAS IV, mfumo wa kugawa gharama, na huko mishahara hugawanywa kati ya kliniki na wodi kulingana na mahali watu walipofanya kazi. Kwa hiyo kadi ikijazwa ovyo, hakuna mshahara unaopungua na hakuna anayepiga kelele. Uzembe mwingi unaanzia hapo. Raia ndio wanaobeba mzigo mkubwa zaidi, maana wanajaza mara mbili, huku na kwenye malipo. Hesabu mbili zikipishana, amini ile ya malipo, kwani ndiyo iliyojazwa kwa uangalifu.

Kadi inafunika wiki 2, Jumapili hadi Jumamosi. Kila mstari unataka kituo, kasma (msimbo wa sehemu inayobebeshwa gharama) na aina ya saa. Kituo hutambulishwa kwa namba ya tarakimu 4. Hospitali ya Tripler ya Hawaii, kwa mfano, ni 0052. Kasma ni herufi 4, na ya kwanza ndiyo inayobeba maana kubwa: A ni wagonjwa waliolazwa, B wa nje, C meno, D huduma saidizi kama famasi, maabara na eksirei, E utawala na uendeshaji, F programu maalumu, G utayari wa kijeshi. Kliniki ya tiba ya familia huanza na BGA, ya watoto BDA, idara ya dharura BIA, famasi DAA.

Chukua daktari wa tiba ya familia katika wiki 2 za kawaida. Ameona wagonjwa kliniki kwa saa 56, akapita wodini kwa saa 14, akafanya mazoezi ya kujiandaa kupelekwa misheni kwa saa 8, akakaa vikao vya utawala kwa saa 6, na siku moja akawa likizo, saa 8. Kadi sahihi ina mistari mitano na jumla ya saa 92. Kadi inayofika mezani kwa msimamizi mara nyingi ina mstari mmoja: saa 80, kliniki. Kiolezo ndicho kinacholeta haya. Mfumo unaruhusu kuhifadhi kadi ya mfano na kuiita tena kila kipindi, jambo jema kwa karani ambaye kazi yake haibadiliki, lakini kwa daktari ni mtego. Kliniki inabebeshwa saa 24 zisizo zake, wodi inaonekana ina wagonjwa wasiotibiwa na mtu, na zile saa 12 za ziada hazimo popote. Ushauri wetu ni kwamba kiolezo kibebe kasma zote anazozigusa daktari lakini kiache nafasi za saa wazi. Akilazimika kuandika namba, atalazimika kufikiri.

Saa zilizozidi zile 80 za kawaida za wiki 2 ziandikwe. Wanajeshi wengi huziacha kwa sababu hazina malipo, kumbe ndizo zinazoonyesha kwamba kliniki inaendeshwa na watu wachache kuliko inavyostahili. Kwa anayekaa nyumbani akisubiri kuitwa, zinazohesabiwa ni saa alizofanya kazi baada ya kuitwa, si usiku mzima wa kusubiri.

Likizo inawachanganya hata wazoefu. Likizo ya mwanajeshi hukatwa kwa siku za kalenda, wikendi zikiwemo, kutoka kwenye siku 30 anazopata kwa mwaka. Kadi ya saa inahesabu siku zake za kazi tu. Aliyeondoka Jumatatu na kumaliza likizo Jumapili ya wiki ya pili amekatwa siku 14 upande wa likizo, ila kadini anaandika siku 10 za saa 8, yaani 80. Karani anayekagua kwa kuzidisha siku 14 kwa 8 atapata 112 na kuirudisha kadi iliyo sahihi. Hayo hutokea, na aliyerudishiwa kadi nzuri safari ijayo haandiki kwa makini.

Ripoti nazo zinasomwa vibaya. Mtumishi mmoja kamili kwa hesabu za MEPRS ni saa 168 kwa mwezi, na kiwango hicho hakibadiliki mwezi ukiwa mfupi au mrefu. Februari ya siku 28 ina siku 20 za kazi, kwa hiyo mtu ambaye hakukosa hata siku moja anatokea kama 0.95. Mwezi wenye siku 23 za kazi unamfanya kuwa 1.10. Mkuu wa idara anayeitisha kikao Machi kuuliza watu wamepungulia wapi, awekewe kalenda mezani kwanza. Kupungua kwa kweli ni kule kwa saa za kuwepo kazini. Mwezi wa siku 21 za kazi, aliyechukua likizo ya saa 80 anabaki na 88, sawa na 0.52, ingawa kwenye ikama bado ni mtu mmoja.

Sasa rekodi ya mtumishi. Kila mtu ana kundi la ujuzi: 1 ni madaktari, 2 wataalamu wengine wanaohudumia wagonjwa moja kwa moja, 3 wauguzi waliosajiliwa, 4 wasaidizi wa tiba, 5 makarani na utawala. Hata kadi ikiwa safi kiasi gani, kundi likikosewa saa zinaangukia safu isiyo yao. Muuguzi aliyesoma zaidi na kuanza kuona wagonjwa mwenyewe, rekodi yake ikibaki kundi la 3, anaifanya kliniki ionekane ina mahudhurio ya wagonjwa na haina mtoa huduma.

Taarifa za wanajeshi na za raia hutoka kwenye mifumo yao ya utumishi. Za wakandarasi na wanaojitolea huingizwa kwa mkono, na hapo ndipo kwenye tundu. Mkandarasi anaanza Jumatatu, rekodi yake inafunguliwa wiki ya tatu, na saa za mwanzo zinapotea au zinabandikwa kwa kukisia. Majira ya joto, Mei hadi Agosti, uhamisho wa wanajeshi unapopamba moto, tatizo linageuka: waliohama hawafungwi, waliokuja hawafunguliwi. Orodha ya wasiowasilisha kadi inajaa majina ya watu walioko kituo kingine, hadi wasimamizi wanazoea kuipuuza.

Dawa yake ni ya kizamani. Mtumishi akifika, kabla hajapewa funguo za ofisi, angalia tarehe ya kuanza, kituo, kasma mama (ya sehemu yake ya kawaida), daraja, kundi la ujuzi na jina la mwidhinishaji. Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote. Mwidhinishaji akihama bila kubadilishwa, kadi za idara nzima zinakwenda kwa mtu asiyekuwepo, na mtumishi anaambiwa hajawasilisha wakati amewasilisha. Akiondoka, fomu ya kuaga isisainiwe mpaka kadi ya mwisho imeidhinishwa na rekodi kufungwa. Mara moja kwa mwezi weka orodha ya DMHRSi pembeni ya ratiba ya zamu, jina kwa jina. Kliniki ya watu 40 haitachukua hata nusu siku.

Kwenye uidhinishaji, mfumo ungestahili alama za juu kama usingeruhusu kupitisha kadi kwa mkupuo. Msimamizi anatia alama zote na kubonyeza mara moja, na mlango pekee wa ukaguzi unapita wazi. Kadi inayofanana neno kwa neno na ya kipindi kilichopita irudishwe na sababu iandikwe, kwani kadi iliyorudishwa bila maelezo hurudi ilivyo. Zamu ya usiku, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi, ina saa 5 kabla ya saa 6 usiku na 7 baada yake. Ikiangukia siku ya mwisho ya mwezi, muuguzi mmoja atazigawa na mwenzake atazirundika siku moja. Kituo kiandike kanuni moja na kuibandika palipo na ratiba.

Ukaguzi wenye faida kuliko wote haufanyiki ndani ya DMHRSi. Chukua mahudhurio kutoka MHS GENESIS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kwenye kambi ya anga ya Fairchild mwaka 2017 na kukamilika vituoni mwaka 2024, kisha uyalinganishe na saa kwa kila kasma. Mahudhurio bila saa maana yake mtoa huduma anaandika saa zake kwingine. Saa bila mahudhurio mara nyingi ni kliniki iliyobadilishiwa kasma upande mmoja tu. Ufanye ukaguzi huu kabla saa za mwezi hazijatumwa EAS IV. Zikishatumwa, kadi moja ya kusahihishwa inadai msimamizi aidhinishe upya, ofisi ya MEPRS itume upya, na mgawanyo wa gharama za mwezi mzima ufanywe tena.